Mwongozo Kamili wa Kutembelea Makumbusho ya Ndege Ukiwa Safarini: Kwa Msafiri wa Kisumu, Nakuru na Magharibi mwa Kenya

Wasafiri wengi wa kwetu wanaokwenda Uingereza au Marekani kuwaona ndugu, kusoma au kwa shughuli za kikazi hutenga siku moja ya kuona ndege za kale, na wengi wao hurudi na masikitiko yaleyale. Mmoja alifika alasiri akakuta sehemu aliyoitamani imekwisha kufungwa. Mwingine alizuiwa mlangoni kwa sababu ya masanduku. Walio wengi walipita mbele ya ndege baada ya ndege wakizipiga picha za pua, na jioni hawakuweza kueleza hata moja.

Mwongozo huu umeandikwa ili siku hiyo isipotee. Msimamo wangu ni kwamba mgeni anayetoka kwetu asijaribu kuona kila kitu. Aingie akitafuta ndege chache zilizowahi kuhusiana na maziwa yetu na viwanja vyetu, kisha azitazame mpaka aelewe kwa nini ziliundwa zilivyoundwa.

## Vitu vya kuandaa kabla ya safari

- Viza inayokuruhusu kutoka nje ya uwanja wa ndege, hata kama unaunganisha tu ndege.
- Kadi ya benki inayokubaliwa kimataifa. Mabasi ya London hayapokei fedha taslimu tangu mwaka 2014, na M-Pesa ya kawaida haitakusaidia huko, ingawa kadi ya M-Pesa GlobalPay inaweza kutumika kununua tiketi mtandaoni.
- Viatu vya kutembelea na koti zito. Mabanda ya ndege ni makubwa mno kupashwa joto ipasavyo, na mtu aliyezoea jua la Kisumu huanza kutetemeka mapema.
- Simu yenye nafasi ya kutosha, pawabenki, daftari dogo na kalamu.
- Begi dogo la mgongoni, basi. Masanduku yaache ulikofikia au kwenye huduma ya kuhifadhi mizigo ya uwanja wa ndege.

Soketi za Uingereza ni zilezile za pini tatu tunazotumia Kenya, kwa hiyo chaja yako itaingia bila shida. Marekani soketi ni za aina nyingine na umeme wake ni wa volti 120, hivyo nunua adapta kabla ya kuondoka na usome maandishi ya chaja kuhakikisha inaukubali umeme huo.

## Hatua ya 1: Chagua makumbusho kwa kufuata ndege

Kosa la kwanza hufanyika nyumbani. Msafiri huuliza ni makumbusho gani makubwa kuliko yote, ilhali swali lenye manufaa ni hili: ndege ninayotaka kuiona iko wapi? Kwa anayekwenda London, ninapendekeza achague moja kati ya haya matatu.

RAF Museum, Hendon. Haya ni makumbusho ya jeshi la anga la Uingereza, yako kaskazini mwa London na kiingilio ni bure. Hapa kuna Short Sunderland, ndege kubwa ya majini yenye injini nne, na wageni huruhusiwa kuingia ndani yake. Kwa mtu wa Kisumu au wa Kaunti ya Nakuru hii ndiyo ya kwanza kuitafuta. Kuanzia mwaka 1937 ndege za majini za Imperial Airways, shirika la ndege la Uingereza, aina ya Short Empire zilikuwa zikitua Kisumu, katika safari ya kutoka Southampton hadi Durban, na mwishoni mwa miaka ya 1940 ndege za BOAC, shirika la Uingereza lililolirithi, aina ya Short Solent zilitua Ziwa Naivasha. Sunderland ni ya ukoo huohuo: iliundwa na kampuni ileile ya Short Brothers sambamba na Empire, na Solent ikazaliwa baadaye kutokana nayo.

Imperial War Museum, Duxford. Uwanja huu uko karibu na Cambridge na kiingilio hulipiwa. Una ndege za jeti za abiria Comet 4, Super VC10 na Concorde. Hizo mbili za kwanza ni za aina zilizotumiwa na shirika letu la zamani, East African Airways, ambalo lilianza kurusha Comet 4 mwaka 1960 na Super VC10 mwaka 1966. Ikiwa nyumbani kuna mzee aliyewahi kusafiri au kufanya kazi na shirika hilo kabla halijavunjika mwaka 1977, nenda Duxford.

Brooklands Museum, Weybridge. Hapa pia hulipiwa. Ndipo VC10 zote zilipoundwa, pamoja na ile ya mwisho kabisa, ambayo ilikabidhiwa East African Airways mwaka 1970. VC10 inayotembelewa hapa ni iliyokuwa ya Sultani wa Oman, nayo ni ya aina fupi kuliko zile zilizokuwa zetu. Panda ndani, lakini usiwaambie watu wa nyumbani kwamba umekaa katika ndege kama ile ya mzee.

Anayekwenda Marekani kupitia uwanja wa Dulles karibu na Washington ana bahati ya kuwa jirani na makumbusho ya ndege ya Udvar-Hazy Center yaliyoko Chantilly, Virginia. Kiingilio ni bure, ila gari hulipiwa maegesho. Anayeshukia Sharjah anaweza kutembelea Al Mahatta, makumbusho madogo yaliyo katika kituo cha zamani cha ndege kilichoanza mwaka 1932 kwa ajili ya Imperial Airways. Hayo yanafaa sana kwa mtu mwenye saa chache.

Uko tayari kwa hatua ya pili ukiweza kumweleza mwenzako, kwa sentensi moja, ni ndege gani unaifuata na kwa nini.

## Hatua ya 2: Hesabu muda ukianzia mwisho

Usianze na saa ya kuondoka hotelini. Anza na saa ya kufungwa kwa makumbusho, au saa ya ndege yako inayofuata, kisha urudi nyuma.

Duxford, kwa mfano, hufunguliwa saa nne asubuhi, na wakati wa baridi hufungwa saa kumi alasiri. Mwisho wa kuingia huwa kabla ya saa ya kufunga, na sehemu za ndani ya ndege huweza kufungwa mapema zaidi. Anayefika saa nane mchana katika mwezi wa Januari amebakiwa na muda mfupi sana, na uwanja wenyewe una urefu wa karibu kilomita moja na nusu kutoka banda la kwanza hadi la mwisho. Kwa hiyo fika mlango unapofunguliwa. Soma tovuti ya makumbusho wiki moja kabla, kisha uisome tena jioni ya kuamkia siku yenyewe, kwa kuwa saa hubadilika kulingana na majira na baadhi ya mabanda hufungwa kwa matengenezo.

Onyo kwa wanaounganisha ndege. Ukitoa muda wa kupita uhamiaji, wa kuhifadhi mizigo, wa kwenda na wa kurudi, na saa tatu za kuwapo uwanjani kabla ya safari ya kimataifa, mapumziko ya saa sita yanakuwa hayana kitu. Ushauri wangu ni usijaribu kutoka Heathrow kwenda Hendon au Weybridge ikiwa una chini ya saa tisa, na usijaribu Duxford kabisa. Tena, mwenye pasipoti ya Kenya hawezi kutoka nje ya uwanja wa Uingereza au wa Marekani bila viza, na nchi zote mbili kwa kawaida huidai hata kwa anayepita tu.

Epuka pia siku za maonyesho ya kuruka ikiwa ni ziara yako ya kwanza. Tiketi huwa tofauti, watu huwa wengi mno, na macho ya kila mtu huwa angani wakati wewe umekuja kutazama kilicho chini.

## Hatua ya 3: Jifunze ndege tatu kabla ya kuondoka Kenya

Tatu zinatosha. Kwa kila moja andika katika daftari: iliruka lini, injini ngapi na ziko wapi, ilitua wapi, na swali moja unalotaka kulijibu ukiwa mbele yake.

Zoezi zuri la macho linapatikana hapa nyumbani. Ukiwa uwanja wa ndege wa Kisumu, itazame Dash 8 ya Jambojet inapotua. Angalia kwamba bawa limewekwa juu ya mwili wa ndege, kwamba pangaboi lina mapanga sita, na kwamba magurudumu makuu hujikunja kuingia chini ya injini. Bawa la juu huliweka pangaboi mbali na ardhi. Mtu aliyeweza kuona mambo hayo matatu kwa ndege ya kila siku hatapotea mbele ya ndege ya mwaka 1940.

## Hatua ya 4: Fika bila kupoteza nguvu

Kwenda Hendon, panda treni ya chini ya ardhi ya Northern line hadi Colindale, kisha utembee kwa dakika chache. Chunga matawi ya njia hiyo: Colindale iko kwenye tawi la Edgware, kwa hiyo soma ubao wa treni kabla ya kupanda. Kwenda Brooklands, panda treni Waterloo ushuke Weybridge. Kwenda Duxford, treni za Cambridge kutoka Liverpool Street husimama Whittlesford Parkway, na kutoka hapo zimebaki kama kilomita tano, kwa hiyo panga teksi mapema badala ya kutegemea kuipata stesheni.

Mwishoni mwa wiki njia za reli za Uingereza hufungwa mara kwa mara kwa matengenezo. Hakiki asubuhi hiyohiyo.

## Hatua ya 5: Mlangoni, uliza kabla ya kutembea

Ukishaingia, nenda moja kwa moja kwa mhudumu wa mapokezi umwulize: leo ni ndege zipi zimefunguliwa ndani, na kuanzia saa ngapi? Sababu ni kwamba ndege nyingi hufunguliwa na wafanyakazi wa kujitolea, na asipokuwepo wa kuisimamia ndege hiyo, ngazi huondolewa. Wengine hukaa nusu siku wakitazama ndege ndogo, na wanapofika kwenye Super VC10 wanakuta mlango umefungwa dakika kumi zilizopita.

Panga ziara yako kwa jibu utakalopewa: kwanza zile za kuingia ndani, halafu zile za kutazamwa nje, na duka na chakula mwisho. Ikiwa Concorde inahitaji tiketi ya ziada au saa maalumu, ichukue hapohapo.

## Hatua ya 6: Izunguke ndege kwa utaratibu

Hii ndiyo hatua yenye uzito, na ndiyo inayorukwa na wengi. Simama mbali kwanza uione ndege nzima, kisha izunguke polepole kuanzia pua, upande mmoja hadi mkiani, urudi kwa upande wa pili. Usipige picha katika mzunguko wa kwanza. Macho yanayotafuta picha hayaoni mashine.

Kwenye Sunderland, inama utazame tumbo. Utaona kwamba halikunyooka kutoka mbele hadi nyuma, bali katikati kuna kidato, mahali ambapo tumbo linakatika ghafla na kupanda juu. Maji hung'ang'ania uso laini uliopinda, na bila kidato hicho ndege ingebaki imegandamana na ziwa hata injini zikiunguruma kwa nguvu zote. Kidato hupitisha hewa chini ya tumbo, maji yanaachia, nayo ndege inainuka. Kisha tazama maboya mawili chini ya ncha za mabawa, ambayo huzuia ndege isilale upande, na ukumbuke kwamba haina magurudumu yake yenyewe: ilipohitaji kupandishwa nchi kavu ilifungiwa magurudumu ya muda. Ukiingia ndani utakuta jiko na vitanda, kwa kuwa wanajeshi walikaa angani kutwa nzima wakipiga doria. Mkazi wa Dunga au wa Usenge, aliyekua akiona jinsi mtumbwi unavyokata maji, atalielewa tumbo hili upesi kuliko wageni wengi atakaokutana nao hapo.

Kwenye Comet 4, tafuta injini. Hazining'inii popote, nne zote zimefichwa ndani ya mashina ya mabawa, yaani yanapoungana na mwili wa ndege. Kisha tazama madirisha, uone yalivyoviringwa. Comet za kwanza zilipasuka angani mwaka 1954 kwa sababu ya uchovu wa metali, yaani metali kudhoofika kwa kukazwa na kulegezwa mara nyingi, na nyufa zilianzia kwenye pembe za matundu yaliyokatwa katika mwili wa ndege, ambapo mkazo ulikuwa mkubwa. Simama mbele ya dirisha hilo kwa muda, kwa maana watu walikufa ndipo umbo hilo likafahamika.

Kwenye Super VC10, mambo ni kinyume. Mabawa ni matupu, hayana injini hata moja, na injini nne za Rolls-Royce Conway zimefungwa mkiani mbili kwa mbili, huku bawa dogo la mkia likiwa juu kabisa. Sababu yake iko kwetu. BOAC ilihitaji ndege ya kuhudumia viwanja vya Afrika vyenye joto na mwinuko mkubwa, Nairobi ikiwa miongoni mwao. Uwanja wa Nairobi uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyembamba: bawa hupata mnyanyuo mdogo, injini hupumua kwa shida, na ndege huhitaji mbio ndefu zaidi kabla ya kuruka. Bawa lisilo na injini huacha nafasi kwa vibawa vya mbele na vya nyuma kutandazwa karibu urefu wote, hivyo kuinua uzito mkubwa kutoka njia fupi. Tembea ukifuata ukingo wa mbele wa bawa utaviona. Kwa anayetoka Eldoret, ambako uwanja uko juu ya mita 2,100, jambo hili halihitaji maelezo marefu.

Kwenye ndege yoyote, soma herufi za usajili. Za Uingereza huanza na G na za Marekani na N. Za kwetu ni 5Y kwa Kenya, 5H kwa Tanzania na 5X kwa Uganda, na East African Airways ilitumia zote tatu. Ukiona VP-K katika picha ya zamani ukutani, hiyo ni ndege ya Kenya ya wakati wa ukoloni, na inafaa kuipiga picha pamoja na maelezo yake.

Utajua umefaulu ikiwa unaweza kufumba macho na kusema injini ziko wapi na kwa nini ziko hapo. Ukishindwa, izunguke tena. Ndege moja iliyoeleweka ina faida kuliko banda zima lililopitwa mbio.

## Hatua ya 7: Zungumza na wazee waliomo

Wengi wa wafanyakazi wa kujitolea ni watu wazima waliostaafu, na baadhi yao walikuwa mafundi au marubani. Wao ndio hazina ya mahali hapo, na hawatakuwapo daima. Usiwaulize swali ambalo ubao umeshalijibu. Salimia kwanza, jitambulishe kwamba unatoka Kenya, kisha uulize jambo mahususi: ndege hii ilikuwaje inapoondoka Nairobi mchana wa jua kali? Ni sehemu gani iliyowasumbua mafundi? Uvumilie jibu refu. Omba ruhusa kabla ya kumrekodi mtu, nawe uandike aliyoyasema kabla hujafika kwenye ndege inayofuata.

Ukiwa umeandamana na mzee wa kwenu, mpe nafasi yeye. Mketishe ndani ya ndege ikiwa inaruhusiwa, washa kinasa sauti, na uulize maswali madogo: "Babu, ulikaa upande gani?" "Mlipewa chakula gani?" Swali dogo hufungua kumbukumbu kuliko ombi la kusimulia historia yote. Uliza mapema kuhusu ngazi, kwa kuwa za ndege za zamani ni nyembamba na zimesimama wima, na mapokezi huweza kuwa na kiti cha magurudumu cha kuazima.

## Hatua ya 8: Sasa piga picha

Utaratibu ni rahisi: kwanza ubao wa maelezo, halafu ndege. Hivyo kila kundi la picha katika simu linaanza na jina lake, na hutabaki ukikisia baada ya mwezi mmoja. Zima taa ya kamera, kwa sababu mwanga wake hurudishwa na metali na vioo. Piga picha tano kwa kila ndege uliyoichagua: ndege nzima ubavuni, pua, injini, magurudumu au tumbo, na herufi za usajili.

Usiguse chochote kisichoandikwa kwamba kinaguswa. Jasho la mikono hula rangi na metali.

Jioni hiyohiyo nakili picha mahali pa pili, na uandike aya moja kwa kila ndege ukiwa bado unakumbuka. Ukitaka kuzipeleka kwa klabu ya sayansi ya shule ya kijijini kwenu, chagua chache zenye maelezo. Mwalimu hawezi kutumia picha mia mbili zisizo na majina.

## Ikiwa mpango umeharibika

Treni zimesimama, mvua inanyesha, au umebakiwa na mchana mmoja tu London. Usikimbilie Duxford kwa dakika arobaini. Nenda Science Museum, karibu na stesheni ya South Kensington, ambako kiingilio ni bure na milango hufungwa saa kumi na mbili jioni. Panda lifti hadi ghorofa ya tatu, kwenye ukumbi wa ndege, uende moja kwa moja kwenye Vickers Vimy iliyovuka Atlantiki bila kutua mwaka 1919 ikiwa na rubani Alcock na mwongoza njia Brown. Mabawa yake ni fremu za mbao zilizofunikwa kwa kitambaa, nayo iliundwa Weybridge, mahali palepale VC10 zilipokuja kuundwa baadaye. Tumia utaratibu wa hatua ya 6 kwa ndege hiyo moja, usome na Gloster E.28/39, ndege ya kwanza ya jeti ya Uingereza, kisha uondoke saa moja kabla ya muda wa kwenda uwanjani.